Mpishi Aliyekatazwa Kufa

Kwa miaka mingi mpishi wa meli ile alikufa kila mwezi, na alikufa vizuri. Alikufa kwa moshi, alikufa kwa umeme, alikufa kwa kuteleza ngazini, alikufa kwa hewa mbaya ndani ya tangi. Siku moja alikufa maji akiwa mkavu kabisa, amelala chali juu ya sitaha, miwani yake mfukoni isije ikakanyagwa na waokoaji. Wenzake walimwita Marehemu, naye aliitika bila kinyongo, kama mwingine anavyoitika Mheshimiwa.

Ilikuwa meli ndogo ya mizigo, yenye watu wachache kuliko kazi zake. Sheria za usalama zinataka mabaharia wafanye mazoezi mara kwa mara: ya moto, ya kuihama meli, ya mafuta kumwagika, ya kumtoa mtu aliyezimia ndani ya tangi. Kila zoezi lina mtu wa kuamuru, mtu wa kushika kamba, mtu wa kujitwika mtungi wa hewa mgongoni, mtu wa kusimama kwenye pampu. Na lazima awepo mmoja wa kudhurika. Ukishagawa kazi zote anabaki mpishi, ambaye wajibu wake wakati wa hatari ni kuzima jiko na kutowazibia watu njia. Kwa hiyo wakampa kazi ya kulala katikati ya njia.

Wengine wangeichukua kazi hiyo kama mapumziko. Yeye aliifanya fani.

"Kufa si kulala," aliwaambia mabaharia wapya. "Anayelala anajishikilia. Maiti haijishikilii. Ukininyanyua mkono ukakuta mwepesi, jua nimekudanganya, nikurudishie pesa yako."

Akilegea, wanaume wanne walitoka jasho. Mara moja alitia kipande cha sabuni mdomoni kabla ya king'ora, ili povu litoke kama inavyopasa, na baharia mgeni aliyetumwa kumfunga machela alikimbia hadi geti la bandari. Walimkuta huko na begi lake, anasubiri usafiri.

Kabla ya meli alikuwa amepika gerezani, kisha hospitalini. Aliulizwa tofauti ni nini, akasema gerezani wateja hawawezi kuondoka, hospitalini hawawezi kula, na melini wanaweza kukutupa baharini, ndiyo maana hapo alijifunza kutia chumvi kwa kiasi. Jikoni mwake, chumba kisichotosha watu wawili wanaogombana, kulikuwa na mapipa ya taka ya rangi mbalimbali yamepangwa ukutani, na hapo hakuwa na mzaha. Plastiki humu, makopo humu, mafuta ya kukaangia kwenye dumu lake, mabaki ya chakula kule. Hata ganda la kitunguu alilikatalia kutupwa baharini mpaka nchi kavu iwe imepotea machoni. Nahodha mwenyewe aliwahi kuonekana akiachia karatasi ya biskuti upepo uichukue. Mpishi alimletea chai isiyo na sukari asubuhi, mchana na jioni, akiinama kwa adabu kila mara, mpaka nahodha akaja jikoni na kofia mkononi kuomba radhi.

Huyo ndiye mtu tunayemzungumzia. Sasa tumzungumzie mkewe, maana bila yeye mpishi angekuwa anakufa hadi leo.

Mkewe alikuwa fundi cherehani. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la chumba cha mbele, mapazia ya watu yamening'inia kila upande, na mtu akitaka kuketi ilibidi kwanza amwombe radhi mteja asiyekuwepo. Ilikuwa ndoa ya barua fupi na simu ndefu. Mume alikuja, akarekebisha bomba, akala, akaondoka. Mke alishazoea. Kilichomshinda ni alasiri ile moja.

Kwenye mazoezi, kila neno linalosemwa redioni hutanguliwa na "zoezi, zoezi, zoezi", kwa sababu bandari nzima inasikiliza. Siku hiyo nahodha alikuwa na mafua. Alishika redio, akapiga chafya mahali ambapo maneno hayo matatu yalitakiwa kukaa, akaendelea kwa sauti tulivu ambayo baadaye alijisifia sana: "Mpishi ameanguka ndani ya tangi. Ametolewa. Hapumui."

Nchi kavu alikuwepo karani mmoja, mtu wa huruma na haraka, vitu viwili ambavyo Mungu hakupaswa kumpa mtu mmoja. Nyumba ya mpishi aliijua, kwa kuwa alizoea kupeleka mizigo yake. Akapanda baiskeli.

Mpishi alipofufuka, akajipangusa na kurudi kwenye maharage yake, nyumba yake ilikuwa imejaa. Jirani wa kushoto alilia kuliko mjane. Wa kulia alikwisha kuazima viti. Mdogo wake mpishi alifika anabubujikwa na machozi ya kweli, akakaa, akalia, akatulia, kisha akamwinamia shemeji yake na kuuliza kwa sauti ya chini, "Shemeji, ile buti yake nyeusi, alikuwa anavaa saizi gani?"

Hapo simu ikalia.

"Mke wangu, gesi imefika?"

"Nani wewe?"

"Mimi."

"Mimi nani?"

"Mumeo, ah! Una wangapi?"

"Mume wangu amekufa."

"Nani kasema?"

"Watu wamejaa hapa ndani."

Mpishi akafikiri. "Basi wape chai," akasema, kwa sababu ni mpishi, na nyumba ikijaa watu hilo ndilo wazo linalomjia kwanza.

Waliokuwepo wanasema mjane hakulia wala hakucheka. Aliiweka simu juu ya cherehani taratibu, akamtazama shemeji yake ambaye tayari alikuwa na buti moja mguuni, akamwambia, "Vua."

Mume aliporudi nyumbani alitayarisha utani njia nzima. Hakupata nafasi ya hata mmoja. Mkewe alikuwa anashona, na hakusimamisha mguu.

"Nisikilize vizuri, baba. Ukifa tena, hata kwa kucheza, hata nusu saa, hata nahodha akupigie magoti, basi chagua: unashuka kwenye meli hiyo, au mimi nashuka kwenye nyumba hii."

"Lakini ni kazi, mama."

"Kazi yako ni maharage."

Mpishi aliipenda meli. Aliipenda nyumba. Alizipenda kwa mpangilio ambao hakuwahi kuulizwa, na aliomba asiulizwe. Akaapa.

Meli ikakosa maiti. Walimjaribu serahangi, mkubwa wa mabaharia wa sitaha, mtu mzima mwenye ndevu, lakini alikuwa na mtekenyo: kila aliposhikwa mbavuni alicheka mpaka machela ikatikisika. Wakachukua ovaroli kuukuu, wakaijaza matambara, wakaifunga kiuno kwa kamba, wakawa wanaokoa ovaroli. Iliokoka vizuri sana. Haikulalamika, haikuwa na uzito, na watu wakaanza kuibeba kwa mkono mmoja huku wakizungumzia mpira.

Hali ilikuwa hiyo mpaka mkaguzi alipopanda.

Alikuwa mama mfupi mwenye tochi kubwa, na alitembea melini kama mtu anayetafuta panya. Alifungua kila mlango uliofungwa, akafunga kila uliokuwa wazi. Aliyaona mapipa ya jikoni, akachungulia moja baada ya jingine, akamtazama mpishi, akasema "Hm," na mpishi akaona siku yake imekuwa nzuri. Kisha mkaguzi akataka zoezi: mtu amezimia ndani ya tangi la maji machafu ya injini, mtoeni. Serahangi akaja mbio na ovaroli begani.

"Huyo nani?" akauliza mkaguzi.

"Mgonjwa wetu, mama."

Mkaguzi aliinua ovaroli kwa vidole viwili. "Mgonjwa wenu amekwisha sana. Nataka mwenye mifupa. Zoezi likinishinda kulielewa, meli hii haiondoki."

Nahodha alimfuata mpishi jikoni, akafunga mlango nyuma yake. Humo ndani wakabanana tumbo kwa tumbo.

"Kaka, nakuomba. Mara hii moja."

"Nimeapa, Nahodha."

"Nani atamwambia?"

"Nani alimwambia mara ile? Wewe na pua yako."

Nahodha akainamisha kichwa. Nje, king'ora kilikuwa kinajaribiwa. Mpishi alitazama sufuria zake, akatazama mapipa yake. Aliona chumba hiki bila yeye, na mtu mwingine humu anayetupa maganda popote. Kisha aliona chumba cha mbele cha nyumba yake, na cherehani haipo chini ya dirisha. Cha pili kilimuuma zaidi, akashangaa, maana hakuwa amekusudia kujua.

"Kufa sifi," akasema. "Naweza kuvunjika mguu."

"Mkaguzi kasema amezimia."

"Nilizimia. Nimezinduka. Watu huzinduka, Nahodha, si lazima wote wawe kama mishahara yetu."

Akashuka ndani ya tangi, ambalo mkuu wa mitambo alikwisha kulisafisha, kulipuliza hewa na kulipima mara mbili kwa kipimo chake. Akalala pembeni, miwani mfukoni, mguu wa kushoto umevunjika.

Matatizo yakaanza mara moja. Mabaharia walikuwa wamezoea maiti, na baadaye ovaroli. Hawakuwahi kubeba mtu mwenye maoni.

"Polepole! Huo ndio mguu uliovunjika!"

"Nyamaza, Marehemu, umezimia."

"Nimezinduka. Na usiniite jina hilo leo. Kichwa! Kichwa changu hicho, si nazi!"

Ndipo walipogundua kwamba kwa miaka yote hiyo, mlangoni mwa tangi, walikuwa wakimgonga kisogo kwenye chuma kila walipomtoa, naye kwa heshima ya fani alinyamaza. Leo alipiga kelele. Mkaguzi akainama kwenye mlango na tochi yake, akasema, "Anasema kweli. Mzungusheni." Wakamzungusha. Kapi ikalia, kamba ikakazika, na mpishi akapaa kutoka tangini amefungwa mikanda mitatu kwenye machela, analaumu njia nzima, mpaka akafika juani.

Sasa lazima tuseme habari ya pipa. Mkuu wa mitambo alikuwa ameweka sitahani pipa la oili chafu, likingoja lori la kuja kulichukua. Asubuhi hiyo alilifungua kamba zake ili wapakiaji wasipate taabu, na kifuniko akakiegesha tu. Pembeni mwa sitaha kuna matundu ya kutolea maji ya mvua, na meli ikiwa bandarini hutiwa vizibo, ili kitu kikimwagika kisiende baharini. Lakini asubuhi hiyo hiyo serahangi aliosha sitaha ing'ae kwa ajili ya mkaguzi. Akang'oa kizibo kimoja maji yatoke, akakitia mfukoni, akasahau. Meli ilichafuka kwa sababu ya usafi, jambo linalowapata pia watu wazuri.

Machela ilipoyumba kutoka mlangoni mwa tangi, miguu ya mpishi, mzima na ule uliovunjika, ililisukuma pipa. Likaenda chini kwa mlio mmoja mzito. Oili nyeusi ikatambaa juu ya sitaha iliyong'aa, bila haraka, kama mgeni anayejua anakokwenda.

Kila mtu akaiona. Hakuna aliyesogea.

Serahangi alimnong'oneza mwenzake, "Mjanja huyu mama! Katuongezea zoezi la pili bila kusema." Mkaguzi, kwa upande wake, alidhani meli imejipanga kumvutia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. "Vizuri," akasema. "Mmeongeza na mafuta. Wengi hawajisumbui." Nahodha aliposikia "vizuri" alichukua redio, na safari hii hakupiga chafya. Alitamka pole kwa pole, kwa sauti ya mtu aliyefundwa na maisha: "Zoezi, zoezi, zoezi. Mafuta yamemwagika sitahani. Nasema tena, zoezi."

Bandari nzima ikasikia kwamba hakuna neno.

Mpishi walikuwa wamemweka chini, ubavu kwenye chuma, shavu karibu na sakafu. Kutoka hapo aliona ambacho waliosimama hawakukiona: tundu, wazi, jeusi, na nyuma yake maji ya bandari yanametameta. Oili ilikuwa imebakiza urefu wa mtu kulifikia.

"Si zoezi!" akapiga kelele. "Kizibo! Kizibo hakipo!"

"Ameanza kuweweseka," akasema mkaguzi. "Mgonjwa mzuri sana."

"Serahangi! Hayo ni mafuta kweli, wewe!"

"Tulia, Marehemu, tunakuja," akasema serahangi, akimkonyeza.

Mikono imefungwa. Miguu imefungwa. Mtu aliyejifanya maiti kwa miaka mingi mpaka wakamwamini, sasa anasema kweli na wanamsifu. Angeweza kunyamaza. Mgonjwa hana lawama. Hakuna ukaguzi uliowahi kumlaumu aliyelala kwenye machela.

Mpishi alivuta pumzi, akajiviringisha. Machela ikapinduka naye juu ya mgongo wake kama kobe mwenye gamba la kukodi. Akajiviringisha tena, kupitia katikati ya oili, akaguna, akajisukuma kwa kidevu, akafika ukingoni na kulikalia lile tundu. Hakulikalia kwa sehemu ya mwili inayoandikwa vitabuni, lakini ilitosha. Ilikuwa sehemu pana, na kwa mara ya kwanza iliisaidia dunia. Oili ikamfikia, ikamzunguka, ikamlowanisha, ikasimama.

Wote wakamtazama. Kisha kichwa cha mkuu wa mitambo kikatokea kwenye mlango wa tangi.

"Nani," akauliza, "kaangusha pipa langu?"

Hapo sasa watu walikimbia. Vumbi la mbao, matambara, ndoo, koleo, mtu mmoja akaleta hadi taulo la nahodha. Serahangi akatia mkono mfukoni, akakuta kizibo, uso wake ukawa wa mtu aliyejikuta kanisani bila suruali. Nahodha alishika redio, akaiangalia, akairudisha mahali pake.

Mkaguzi aliegemea ukingo wa meli, akatazama maji kwa muda mrefu. Yalikuwa machafu kama maji yote ya bandari, lakini hapakuwa na ule upinde wa mvua unaoenea juu yake mafuta yakiingia. Akageuka, akachuchumaa mbele ya mpishi.

"Umeumia?"

"Mguu wa kushoto, mama."

"Ule wa zoezi?"

"Huo huo. Huku nyuma ndiko kweli, nimebanwa."

Walimchomoa kwa sabuni. Mkaguzi alisema meli ibaki hadi kesho, zoezi lirudiwe, vizibo vihesabiwe mbele yake, na maiti awe nahodha. Nahodha alisema hajazoea. "Utazoea," akasema mkaguzi. "Hawa wamezoea kukusikia. Nataka nione siku usiposema."

Mpishi akapewa ruhusa ya kwenda nyumbani, hasa kwa sababu hakuna aliyetaka akae karibu na chakula. Alitembea barabara nzima amevaa ovaroli kuukuu ya wagonjwa, matambara yametolewa, na mbwa wakampisha.

Mkewe alinyanyua macho kutoka kwenye pazia la mtu.

"Umekufa?"

"Sijafa."

"Usinidanganye. Karani kapita hapa. Kasema umebebwa kwenye machela, ila safari hii akaongeza kwamba hana hakika."

"Mguu tu, mama. Mguu ulivunjika. Na wenyewe haukuvunjika. Nilisema maneno mwanzo hadi mwisho, waulize, walichoka kunisikia."

Akamweleza yote, amesimama mlangoni kwa kuwa hakuruhusiwa kugusa kitu. Alipofika kwenye tundu, mke aliuma uzi kwa meno ili asicheke. Hakufaulu vizuri. Akampeleka uani, akamkalisha kwenye ndoo iliyofudikizwa, akaanza kumsugua mgongo kwa sabuni ya unga na jivu. Alisugua kama anayetafuta rangi ya zamani.

"Siku ile," akasema nyuma yake, "waliniuliza tukuzike na shati gani. Lile ulilolipenda."

"Ukasemaje?"

"Nikasema la bluu. Watu wakaitikia, wakasema ndiyo, la bluu. Mimi sijui. Miaka yote hii, sijui unapenda shati gani. Jambo hilo liliniuma kuliko kifo chenyewe."

Mpishi akafikiri sana. Maji meusi yalimtiririka mgongoni, na mkewe akayakinga kwenye beseni, maana alimjua: angekataa yaende kwenye mtaro.

"La bluu ni la kampuni," akasema mwishowe. "Na mimi sijui napenda lipi. Hatujawahi kuulizana."

"Basi nitakushonea, useme."

"Basi meli sishuki?"

Mke alimmwagia maji ya mwisho, ya moto, kutoka utosini.

"Nahodha anakufa kesho?"

"Asubuhi."

"Basi nenda ukamwone. Ila usimgonge kisogo."

Mchana ulikuwa umetulia. Alimtandikia mkeka kwenye nafasi finyu kati ya cherehani na ukuta, chini ya mapazia ya wateja, na mpishi alilala papo hapo, mdomo wazi, mkono mmoja umetupwa kando. Alilala vibaya, bila fani yoyote, anakoroma, anajikuna, anajishikilia. Mkewe akarudi kwenye kazi. Alishona kipande, akasimama. Akashona kingine. Kisha akanyoosha mguu kutoka kwenye kanyagio, akamgusa mbavuni kwa kidole gumba.

"Wewe."

"Mm?"

"Hakuna. Lala."

Akashona mshono mrefu hadi mwisho wa pazia, akaukata uzi, akasikiliza, akanyoosha mguu tena.